Kuja, Ngoja, Bado

Swali lenu limenikuta miguu yangu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi, hapa nyumbani Sirisia. Ninyi makocha vijana wa Kitale na Bungoma mnabishana kwenye simu tangu Jumapili: je, mpigaji mkubwa wa kriketi anahitaji madoido, au uthabiti peke yake unamtosha? Mmoja wenu ameandika kwamba mpigaji asiye na mbwembwe ni ugali bila mboga. Mwenzake amemjibu kwamba mboga bila ugali haijawahi kumshibisha mtu wa Bungoma. Nilicheka kidogo. Halafu nikaona mmemtaja Wambui, kwamba siku ile angetulia kama kawaida yake, shule isingepoteza uwanja. Hapo nikaacha kucheka, nikafuta miguu, nikatafuta kalamu.

Nimechoka, wanangu. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Mungu alinipa miaka mingi ya kazi na sasa ananipa pumzi ya kuisimulia, nami namshukuru kwa yote mawili. Lakini magoti yaliyosimama juani kando ya uwanja hayasahau, kwa hiyo nitaandika polepole, na mkiona nimeruka jambo, mjue nilikwenda kujinyoosha.

Nilikuwa mwalimu wa somo la dini katika shule ya kutwa pale Kitale, na chumba nilichopanga kilikuwa Tuwan. Kriketi sikuichagua. Mwalimu aliyeifundisha alihamishwa, na katika mkutano wa walimu mkuu wetu akauliza ni nani kati yetu ana subira. Wenzangu wote wakanitazama mimi, kwa kuwa walijua mimi ni mama mzee wa kanisa. Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa timu ya wasichana, mipira iliyofumuka nyuzi, na mchezo ambao sikujua hata unaanzia wapi.

Tangazo langu la kwanza kwa wazazi ndilo lililonionyesha kwamba lugha ya mchezo huu ilikuwa haijafika kwetu. Nilitangaza kuwa wasichana wanahitaji bati, mzazi mwenye uwezo asaidie. Haikupita wiki, baba yake Wambui, aliyekuwa akiuza vitunguu mpakani Suam, akafika langoni kwa pikipiki. Nyuma yake alikuwa amefunga bati zima la kuezekea, linapiga kelele kwa upepo kiasi kwamba darasa la jirani lilitoka nje kutazama.

"Nimeleta, Mwalimu," akasema huku akijipangusa jasho. "Na hiyo ni geji nzuri, haishiki kutu haraka."

Nikamweleza kwa upole kwamba bati nililotaka ni la mbao, lile la kupigia mpira. Akanitazama, kisha akaitazama pikipiki yake.

"Bati ya mbao," akasema. "Sawa. Na karatasi mnatumia kufanya nini, ukuta?"

Mwalimu mkuu hakukubali mali iliyofika shuleni irudi nyumbani. Siku hiyohiyo bati lilipigiliwa kwenye ukuta wa jikoni, upande unaotazama uwanja, palipokuwa na pengo la kutokea moshi. Mlikumbuke bati hilo.

Mchezo wenyewe alinifundisha Mzee Kanti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Babu yake alitoka India zamani, lakini yeye alizaliwa Kitale na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kama changu. Jioni aliwaachia wanawe duka, akaja kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja, kofia imefunika nyusi. Siku ya kwanza nilidhani atatuonyesha namna ya kushika bati. Akatuonyesha namna ya kutengeneza udongo.

Sikilizeni hili vizuri, kwa sababu naona siku hizi mnanunua mazulia ya plastiki na kuyatandika juu ya mabonde. Katikati ya uwanja kuna ule ukanda ambao mpira hudundia. Ukanda ukiwa mbaya, hutajua mpigaji wako ni hodari au ana bahati. Chukua udongo wa kichuguu, uponde, uchekeche, utoe mizizi yote. Utandaze, uumwagie maji, uondoke. Usiukimbilie na pipa lililojazwa zege, lile la kushindilia, ukiwa bado chepechepe, maana utanata kwenye pipa na kubanduka kama chapati. Usiuache pia ukauke mpaka upasuke. Bonyeza kwa kidole gumba: kidole kikiacha alama na kisitoke na tope, hapo vuta pipa. Vuta kwenda na kurudi. Kesho mwagia tena, vuta tena. Sisi tulifanya hivyo muhula hadi muhula, mwaka hadi mwaka, kamba ikiwa begani.

Wasichana walinung'unika, ati wao walikuja kucheza, si kujenga barabara. Mzee Kanti akawaambia kwamba hiyo kweli ni barabara, na mpira ni gari ya mlevi, kwa hiyo heri barabara iwe sawa.

Kuhusu kupiga alikuwa na fundisho moja, na alilirudia mpaka wasichana wakawa wanaliimba kwa kumwiga. "Mpira ni moja tu, ile inakuja. Ile imeenda, imeenda. Ile bado, bado."

Sasa niwaambie kuhusu wasichana wawili mnaowabishania bila kuwajua.

Nekesa alikuwa wa huku kwetu Bungoma, akikaa na shangazi yake Kitale. Alipiga mpira kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Bati lilizunguka, skati ikazunguka, na mara nyingine mpira ukaenda mahali ambapo hata yeye hakupanga. Akishika bati, wanafunzi walitoroka darasani, na watu wa pikipiki walisimama kwenye ua. Tatizo ni kwamba kabla wenye pikipiki hawajazima injini, mara nyingi alikuwa amekwisha kutolewa.

Wambui alipiga kama mtu anayechagua maharagwe kwenye ungo. Bovu, liende. Bovu, liende. Zuri, chukua. Watu walikwenda kunywa chai yeye akiwa pale, wakarudi wakamkuta palepale. Wavulana walimwuliza kama ameshachimba msingi wa nyumba. Naye aliwajibu bila kugeuza shingo kwamba walete mawe basi.

Wawili hao wakipiga pamoja ndipo tulipopata ajali yetu kubwa ya kwanza. Ilikuwa Bungoma, siku ya upepo. Mnajua kwamba wapigaji husimama kila mmoja ncha yake ya ukanda, na mpira ukipigwa hukimbia kupishana ili kupata mikimbio. Lazima mmoja apaze sauti, waende au wasiende. Sisi tulitumia maneno ya nyumbani, kuja na ngoja. Nekesa akapiga, akapaza sauti. Lakini ulimi wa kwetu, mnaujua wenyewe, huifanya kuja kuwa kucha, na ngoja kuwa ngocha. Upepo ukala mwanzo wa neno, Wambui akapata mkia tu. Akabaki. Nekesa akafika upande wake, wakasimama bega kwa bega kama maharusi mbele ya mchungaji, huku vijiti vya upande wa pili vikiangushwa bila haraka yoyote, na mmoja wao akawa ametolewa.

Refa, mgeni kutoka Nairobi, alikuwa amesikia kilio hicho cha kucha. Akasimamisha mchezo, akauliza kwa huruma ni nani aliyeumia kucha. Wasichana wa Bungoma walicheka mpaka wakakaa chini.

Nekesa hakucheka. "Si nilikuambia kucha?"

"Nilisikia ngocha," Wambui akasema.

"Kucha ni kucha na ngocha ni ngocha, bana. Kwani wewe hujui Kiswahili?"

Tukiwa njiani kurudi tuliamua kubadilisha maneno. La kwenda likawa twende, halikuwa na ubishi. La kukaa ndilo lililotuchukua muda, mpaka Wambui alipopendekeza bado. Alisema ngoja ni neno la kuamriwa na mtu, bali bado ni neno la kitu kilicho njiani. Nililipenda jambo hilo, na Jumapili nililitumia kanisani katika mahubiri, nikaona hata wazee waliozoea kusinzia wamefungua jicho. Basi timu ikampa Wambui jina: Bado. Akipita kwenye foleni ya chakula, "Bado amefika." Akichelewa, "Bado bado."

Kwa miaka yangu mingi ya kufundisha dini niliamini uthabiti ndio wema wenyewe. Anayedumu ndiye anayepata. Ningewajibu ninyi kwa mstari mmoja na kurudisha miguu yangu majini, kama si jioni moja tuliyokuwa tukivuta pipa, Wambui na mimi, wengine wakiwa wamekwenda kuteka maji.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimechoka na bado."

Nilidhani anasema jina. Nikamwambia nitawakataza wenzake.

"Si jina. Mpira mbaya nauona. Naona kabisa huu ni wa kupiga. Lakini mkono unasema bado, kwa sababu umezoea. Nekesa akipiga, watu wanafurahi. Mimi nikipiga, wanaenda kunywa chai."

"Unataka wafurahi?"

Akafikiri, kamba ikiwa begani. "Nataka nifurahi mimi."

Tukavuta pipa mpaka mwisho wa ukanda, tukageuka, tukarudi nalo.

Muhula uliofuata mkuu wetu akaniita. Msimfikirie vibaya, alikuwa mtu mwema, na jambo alilosema lilikuwa la kweli. Mahindi ya shule yalikuwa yameisha mapema, na kuna siku wanafunzi walikaa hadi jioni bila chakula. Yeye alikuwa ametazama dirishani akaona ardhi ya Kitale, ardhi ambayo ukiangusha mbegu inakushukuru, imeota nyasi za kuchezea.

"Mwalimu, watoto wanataka githeri," akasema. "Nyasi hawali."

Nikamwomba. Alinisikiliza, tena kwa heshima, kisha akaweka sharti lake. Timu ya Bungoma ilikuwa inakuja kabla ya mvua, na ilikuwa haijawahi kushindwa na sisi. Tukiwashinda, atakuwa na neno la kuwaambia wazazi, kwamba uwanja nao una mazao. Tukishindwa, trekta inaingia. Nikatoka nikawaambia wasichana vilevile nilivyoambiwa, bila kupunguza. Nekesa akasema basi tutapiga mpaka Webuye. Wambui akaenda kuchukua kamba ya pipa.

Siku ya mechi niliongoza maombi ya timu zote mbili. Sikuomba ushindi, niliona aibu kumpa Mungu kazi ya refa. Lakini nilikaa kwenye neno amina kidogo zaidi ya kawaida.

Kwa kuwa uwanja wetu ulikuwa mdogo, kabla ya kila mechi tulikubaliana na wageni: mpira ukitua juu ya paa la jikoni ni mikimbio sita, ila ukuta wa jikoni ni sehemu ya uwanja. Wageni walipiga kwanza, wakapata mikimbio mizuri. Wambui akaanza upande wetu, na wenzake wakaja na kuondoka, wakaja na kuondoka, yeye akichagua maharagwe yake. Nekesa nilimweka kwa ajili ya mwisho. Alipoingia aliupeleka mpira mmoja juu ya paa, kishindo kikasikika hadi barabarani, na mpishi akatoka na mwiko mkononi kuuliza kama mbingu zinaanguka.

Ikafika tunahitaji mikimbio minne tu, na mipira iliyosalia ya kurushiwa ilikuwa michache lakini inatosha kwa wenye akili. Wambui akagusa mmoja taratibu, akatazama kama kuna njia. Ni Nekesa, yule Nekesa, aliyenyoosha kiganja na kupaza sauti: "Bado!" Wakabaki. Nikasema moyoni, haya, wamekomaa, watakwenda mmoja mmoja mpaka nyumbani.

Mpira uliofuata ulikuwa mbovu. Ulidunda mapema, ukainuka taratibu na kukaa hewani kama embe linalosubiri mtu. Nikamwona Wambui akipiga hatua moja mbele. Sikuwahi kumwona akipiga hatua hiyo. Bega likafunguka, bati likapanda mpaka juu, na mlio wake ulikuwa safi, mlio wa mbao iliyokutana na kitu ilichotengenezewa. Mpira ukaelekea jikoni, jua likatupofusha, kisha tukasikia kishindo cha bati.

Tuliruka. Mkuu alitupa kofia. Mimi mzee wa kanisa nilimkumbatia mpishi pamoja na mwiko wake. Tukashangilia mpaka tulipogundua kwamba wasichana wa Bungoma nao wanashangilia, na refa ameinua kidole.

Paa lilikuwa kimya. Kilichopiga bati ni mgongo wa msichana wa Bungoma. Alikuwa amerudi kinyumenyume, macho juu, mpaka akagonga ukuta, akabaki ameegemea bati la Baba Wambui, mpira umo mikononi bila kugusa chini, yeye mwenyewe akiushangaa. Tulikuwa tumeshangilia kutolewa kwa mpigaji wetu wa mwisho.

Wambui alitembea kuja kwangu, bati kwapani. Machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa anacheka.

"Mwalimu, uliona?"

"Niliona."

Baba yake, ambaye siku hiyo aliacha vitunguu Suam ili aje, akatikisa kichwa. "Ningejua," akasema, "ningeleta ile ya karatasi."

Mkuu alitimiza neno lake, na sikumlaumu. Trekta ikaingia wiki iliyofuata, kabla ya mvua. Nilisimama kando ya jikoni kutazama nyasi zikigeuzwa chini juu, na nikakiri moyoni kwamba udongo ule ulikuwa mweusi na mzuri. Kisha trekta ikafika katikati. Jembe likapanda juu ya ukanda, likateleza likilia kama chuma juu ya sahani. Dereva akarudi nyuma, akajaribu kwa upande mwingine. Likateleza tena. Akashuka, akaupiga ukanda teke kwa buti, akaniita.

"Mama, hapa chini mmezika nini?"

"Hakuna. Ni udongo tu."

"Udongo gani huu? Mimi sivunji diski za jembe la wenyewe kwa udongo wa namna hii."

Akauzunguka ukanda na ncha zake, akaendelea kulima. Mkuu akatazama, akajikuna shingo, akasema basi, kipande hicho kiacheni.

Hivyo mwaka ule wasichana walifanya mazoezi ndani ya shamba. Mahindi yakaota kushoto na kulia, yakawafikia magoti, viuno, yakawapita vichwa. Ilikuwa kama kucheza ndani ya ujia wa nyumba ya kijani. Ukipiga pembeni, mpira umepotea. Nekesa aliingia kuutafuta na kutoka mikono imechanjwa na majani, akilaani kwa sauti ya chini ili mwalimu wa dini asisikie. Wambui alirudia maharagwe yake. Lakini kila baada ya muda, alipoona ule anaoutaka, alipiga ile hatua moja mbele na mpira ukaruka juu ya mbelewele, tukausikia ukitua mbali ndani ya shamba. Mzee Kanti alitikisa kichwa na kutoa mwingine mfukoni.

Sasa jibu lenu. Mnasema angetulia. Huenda, na huenda angetolewa kwa mpira wa kawaida asiukumbuke yeye wala mtu mwingine. Mimi nilikuwa pale. Mpira ule ulikuwa wa kupigwa, aliupiga sawasawa, na mtoto wa watu akaudaka vizuri kuliko sisi tulivyojua kudaka. Wambui aliuona kwa sababu alikuwa ameiacha mingi ipite. Hayo macho ni ya uthabiti, hayapatikani kwa mbwembwe. Ila tusingevuta pipa miaka yote ile ili tuwe na udongo mgumu tu. Tuliuvuta ili juu yake siku moja kitokee kitu. Kudumu ni kazi yetu, na mnaweza kuifundisha. Ile hatua moja mbele sijui inatoka wapi. Mimi naiita zawadi, na zawadi haivutwi kwa kamba. Kazi ya kocha ni kumwandaa mtu awe yuko macho inapofika, na asimtukane aliyeipokea kwa sababu tu kuna mtu kwenye ukuta.

Mavuno yalifika katika muhula wangu wa mwisho. Siku hiyo shule nzima ilikata mabua, na kila baada ya kitambo mtu alipaza sauti kwamba ameokota mpira, umevimba kwa mvua, ngozi imepasuka. Githeri ya mahindi mapya na maharagwe ilikuwa jikoni, harufu imejaa, nami nilifurahi, kwa kuwa watoto walikuwa wamekosa kwa muda mrefu. Mkuu akaja kwangu na mpira mmoja mkononi. Mabua yalipoanguka, ukanda ulionekana wote, mweupe, umeng'arishwa na miguu.

"Mwalimu, unastaafu," akasema kwa upole. "Hawa nao wamekua. Si huu mchezo mmeumaliza sasa? Hiki kipande niwaambie vijana wakichimbe kwa jembe la mkono?"

Magoti yalikuwa yananiuma. Nilikuwa nimechoka kwelikweli, na nadhani nilikuwa karibu kusema ndiyo.

Kwenye ncha ya ukanda Nekesa alikuwa anamalizia kumwaga ndoo ya maji pembeni kwenye nyufa. Wambui alikuwa ameinama akibonyeza udongo kwa kidole gumba. Akakitazama kidole, akakifuta kwenye skati, akaiweka kamba ya pipa begani.

"Bado," akasema, akaanza kuvuta.